Kweli au Si Kweli? Majalada ya King na Sentensi za Ubaoni

Julai 2025, siku chache baada ya serikali ya Marekani kufungua kurasa zaidi ya 230,000 za majalada yanayohusu kuuawa kwa Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za Wamarekani weusi, mpwa wangu anayefundisha Historia sekondari alinitumia picha ya ubao. Wanafunzi wake walikuwa wameona vipande vya video kwenye simu, wakaingia darasani wakibishana. Badala ya kuwanyamazisha, aliwapa chaki waandike waliyoyasikia, sentensi moja moja. Chini ya picha akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Nisaidie hapa, nisije nikawadanganya watoto wa watu."

Nimekaa na ubao ule siku nyingi. Nyumbani kwetu King alikuwa mtu wa ukutani, kando ya Mwalimu Nyerere, na marehemu mama alikuwa akiifuta vumbi picha yake kila Jumamosi. Kwa hiyo sentensi zile ziliniuma. Nimezijibu hata hivyo, na sikumkingia mtu kifua.

"Siri za King zimefichuka mwaka huu."

Si kweli. Nyingi zina umri mkubwa kuliko mpwa wangu. Mwaka 1975 na 1976 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilianika jinsi shirika la upelelezi la FBI lilivyomwandama King kwa miaka. Mwaka 1989 Ralph Abernathy, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba King alikuwa na wanawake nje ya ndoa, hata usiku wa mwisho wa uhai wake. Wengi walimkasirikia Abernathy mpaka anaingia kaburini. Mwaka 1995 Georgia Davis Powers, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Seneti ya jimbo la Kentucky, alisimulia mwenyewe uhusiano wake na King.

Kurasa za Julai 2025 kwa sehemu kubwa ni za uchunguzi wa mauaji ya Memphis ya Aprili 4, 1968 na msako wa James Earl Ray, aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Mikanda ya sauti ambayo FBI ilimrekodi King, na ambayo kila mtu anaizungumzia, haimo. Januari 31, 1977 jaji wa mahakama ya shirikisho jijini Washington aliamuru mikanda hiyo na maandishi yake vifungiwe katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kwa miaka 50. Hesabu hiyo inaishia mwaka 2027.

Watoto wawili wa King walio hai, Martin wa Tatu na Bernice, waliwaomba wasomaji wa kurasa hizo wawe na huruma. Baba yao alipopigwa risasi, mmoja alikuwa na miaka 10 na mwingine 5.

"FBI walimrekodi kwa sababu ya usalama wa nchi."

Hapa nitakaa kidogo, maana anayeruka hatua hii hataelewa chochote kinachofuata.

Mwanzo wake una chembe ya kweli. King alikuwa na mshauri aitwaye Stanley Levison, mwanasheria Myahudi wa New York ambaye huko nyuma alihusika na fedha za Chama cha Kikomunisti. Ilikuwa zama za vita baridi, na FBI ilianza kwa kumsikiliza Levison mwaka 1962. Oktoba 1963 Robert Kennedy, akiwa Mwanasheria Mkuu, alitia saini ruhusa ya kunasa simu za King mwenyewe. Kama wangeishia kutafuta Wakomunisti, mtu angeweza kuwatetea. Hawakuwapata, na hawakuacha.

Agosti 28, 1963 King alihutubia watu wapatao 250,000 jijini Washington. Siku mbili baadaye William Sullivan, mkuu wa upelelezi wa ndani wa FBI, aliandika waraka akimtaja King kuwa Mweusi hatari kuliko wote kwa mustakabali wa taifa. Kosa la King lilikuwa hotuba. Januari 1964 vinasa sauti vilifichwa katika vyumba alivyolala katika hoteli ya Willard, Washington, kisha katika hoteli nyingine mji baada ya mji. Vinasa hivyo vya vyumbani Kennedy hakuvitia saini. Shirika lilijiamulia lenyewe.

Oktoba 1964 ikatangazwa kwamba King amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Novemba 18 J. Edgar Hoover, mkurugenzi wa FBI, aliwaambia waandishi wa habari wanawake kwamba King ni mwongo wa kupindukia. Siku chache baadaye jasusi mmoja alipanda ndege kwenda Miami akiwa na kifurushi, akakiposti huko ili kisionekane kimetoka Washington.

Kifurushi kilifika kwenye ofisi ya King jijini Atlanta, kikawekwa pembeni. Watumishi walidhani ni mkanda wa hotuba nyingine. Coretta, mke wake, alikuwa na desturi ya kukusanya hotuba za mumewe, basi kikapelekwa nyumbani. Alikifungua mwanzoni mwa Januari 1965. Ndani mlikuwa na mkanda wa sauti za chumbani, na karatasi moja iliyopigwa taipu, bila jina, iliyoandikwa kana kwamba imetoka kwa mtu mweusi mwenzao aliyekata tamaa. Ilimtukana King, ikamwita fisadi na mnyama, ikamwambia amebakiwa na siku 34 na kwamba iko njia moja tu ya kutoka. King aliisoma kama wanavyoisoma wanahistoria wengi: anashauriwa ajiue.

Fikiri kidogo juu ya sebule ile: mama wa watoto wanne, mkanda unazunguka, mume anaitwa aje asikie. King alitambua mara moja waliotuma ni akina nani. Na kwa kuwa simu zake zilikuwa bado zinasikilizwa, wapelelezi waliendelea kuandika jinsi anavyohangaika na kukosa usingizi, kama daktari anayepima nguvu ya sumu aliyoitoa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo jibu la ubaoni: usalama wa nchi ulikuwa mlango wa kuingilia. Walipokuwa ndani walifanya kazi nyingine. Waliwapelekea waandishi wa habari maandishi yaliyotokana na mikanda, hakuna aliyeyachapisha.

"Kilichoandikwa kwenye faili la polisi ni ushahidi."

Aliyeandika sentensi hii alipiga mstari chini ya neno "ushahidi", na nadhani alikuwa na jambo la 2019 kichwani.

Mei 2019 mwanahistoria David Garrow, ambaye kitabu chake juu ya King kilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1987, alichapisha makala katika jarida moja la Uingereza. Magazeti kadhaa yalikuwa yameikataa. Alieleza kwamba amekuta waraka wa FBI kuhusu usiku wa Januari 1964 katika hoteli ya Willard. Waraka huo unamtuhumu mchungaji mmoja kumbaka mwanamke, na pembeni mtu ameongeza kwa mkono kwamba King alikuwepo, akatazama, akacheka na kutoa ushauri.

Hilo si suala la mume asiye mwaminifu. Kama ni kweli, ni ukatili, na aliyeutazama akicheka ana sehemu yake ya hatia. Nasema hivyo bila kutikisa sauti, hata kama picha yake ilikuwa ukutani kwa mama.

Sasa tazama kilichopo mkononi. Ni muhtasari wa mkanda, siyo mkanda. Juu ya muhtasari kuna maandishi ya mkono yasiyo na jina la mwandishi. Waliouandika walikuwa na kazi maalumu ya kumwangusha mtu huyo. Na kama walisikia mwanamke akibakwa chumba cha jirani wakaendelea kuandika, kwa nini hawakugonga mlango? Wanahistoria wengine walimjia juu Garrow kwa hoja hizi. Yeye akashikilia kwamba ataliandika alilolikuta, na atasubiri mikanda.

Faili la polisi linasema kweli juu ya jambo moja bila shaka, nalo ni yule aliyelifungua: alitafuta nini, alilipa nani, alikuwa na haraka gani. Juu ya yule aliyeandikwa ndani yake, lisomwe kama barua ya adui. Adui naye huweza kusema kweli, ila kila neno lake linahitaji shahidi wa pili. Kwa tuhuma ya 2019 shahidi huyo hajapatikana. Mimi siwezi kuwaambia wanafunzi kwamba ilitokea, wala siwezi kuwaambia haikutokea.

"King alinakili tasnifu yake."

Kweli. Alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1955. Waliogundua ni wahariri wa nyaraka zake, mradi uliokuwa ukiongozwa na Clayborne Carson katika Chuo Kikuu cha Stanford, uliokuwa na baraka za Coretta mwenyewe. Habari ikatoka mwaka 1990, na mwaka uliofuata kamati ya Boston ikathibitisha kwamba sehemu za tasnifu ziliandikwa kwa maneno ya watu wengine bila kuwataja. Hawakumvua shahada, waliambatisha barua kwenye nakala ya maktaba. Mwalimu anayewakanya wanafunzi wasinakiliane hana budi kulisema hili waziwazi, tena nampenda zaidi Carson kwa kulisema.

"Rosa Parks alikuwa bibi mzee aliyechoka kusimama."

Si kweli hata kidogo. Desemba 1, 1955, jijini Montgomery, alikuwa na miaka 42. Alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Miaka 11 kabla ya hapo alikuwa amepelekwa kuchunguza kesi ya Recy Taylor, mwanamke mweusi aliyebakwa na genge la wanaume weupe huko Alabama. Kiangazi cha mwaka ule wa 1955 alikuwa amehudhuria mafunzo ya harakati katika shule ya Highlander, Tennessee. Na hakuwa amekaa kwenye viti vya weupe. Alikaa sehemu ya weusi, dereva akataka yeye na wenzake waondoke kwa sababu viti vya mbele vimejaa.

Uongo huu wa bibi aliyechoka unaonekana mtamu na usio na madhara. Ulimfuta mpiganaji ukaweka bibi mpole mahali pake. Zaidi ya hayo, ulimfunika msichana.

Miezi tisa kabla ya Parks, Machi 2, 1955, Claudette Colvin mwenye miaka 15 alikataa kunyanyuka katika basi la mji huohuo. Polisi walimburuta, wakamfunga pingu. Viongozi wa Montgomery walimtazama wakasita: mdogo, ana jazba, ngozi nyeusi sana kwa macho ya baadhi yao, familia yake haina jina. Baadaye mwaka huo alishika mimba akiwa hajaolewa, na mlango ukafungwa kabisa. Walitaka mtu msafi, ambaye gazeti la weupe halitapata pa kumshika.

Lakini kesi iliyovunja sheria ya ubaguzi kwenye mabasi mahakamani haikuwa ya Parks. Ilikuwa kesi ya Browder dhidi ya Gayle, na Colvin alikuwa mmoja wa wanawake walioifungua. Novemba 1956 Mahakama Kuu ya nchi ikaithibitisha hukumu, na baada ya siku 381 za kususia mabasi na kutembea kwa miguu watu weusi wakarudi kwenye mabasi. Rekodi ya Colvin ya kukamatwa ilikuja kufutwa mwaka 2021, akiwa bibi wa zaidi ya miaka 80.

Nimeandika habari zake kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo naona jambo lenyewe. Sharti la shujaa kuwa bila doa halikuanza leo kwenye simu za wanafunzi. Lilikuwepo ndani ya harakati, na waliolilipia kwanza ni watu wa harakati wenyewe.

Bayard Rustin alililipia pia. Ndiye aliyeandaa maandamano ya Washington katika muda usiozidi miezi miwili: mabasi, treni, vyoo, maji, sandwichi za jibini 80,000, mpaka onyo kwamba watu wasije na vyakula vyenye mayonesi maana vitaharibika kwenye jua la Agosti. Alikuwa mwanamume aliyependa wanaume, na mwaka 1953 alikuwa amekamatwa kwa ajili hiyo huko Pasadena, California. Mwaka 1960 mbunge mweusi wa Harlem, Adam Clayton Powell, alitishia kuzusha kwamba Rustin na King ni wapenzi. Ilikuwa uongo, lakini King alimwacha Rustin aondoke. Mwaka 1963 seneta Strom Thurmond alisoma habari za kukamatwa kwake ndani ya Seneti, na safari hii A. Philip Randolph, mzee wa harakati, alisimama naye, na King naye hakurudi nyuma. Maandamano yakafanyika. Gavana wa California alimsamehe Rustin mwaka 2020, akiwa marehemu wa miaka 32.

King mwenyewe alikuwa na siri chumbani, na bado aliwahi kumtoa mwenzake kwa sababu ya siri. Sijapata namna ya kuifanya sentensi hiyo iwe laini.

"Mpiga picha wa harakati alikuwa mpelelezi, kwa hiyo picha zake ni takataka."

Sehemu ya kwanza ni kweli, na ilimshangaza mpwa wangu kuliko zote.

Ernest Withers wa Memphis alikuwepo kila mahali. Alipiga picha katika kesi ya waliomuua mtoto Emmett Till mwaka 1955. Alimpiga picha King akiwa ndani ya basi la Montgomery Desemba 1956. Alifariki mwaka 2007 akiwa na heshima zake zote. Mwaka 2010 gazeti la Memphis, Commercial Appeal, likafichua kwamba alikuwa mtoa habari wa FBI mwenye namba ME 338-R. Maofisa walikuwa wakifuta namba hiyo kwenye nyaraka, wakaisahau mahali. Aliwapa picha, majina, nani kakutana na nani. Alilipwa.

Dick Gregory, mchekeshaji na mwanaharakati, alimwita Yuda. Andrew Young, aliyekuwa karibu na King, alisema hakuumia, kwamba hawakuwa na la kuficha. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema hivyo, walikuwepo.

Chukua picha yake ya Machi 28, 1968. Wafanyakazi wa usafi wa Memphis wamepanga mstari nje ya kanisa la Clayborn Temple, bega kwa bega, wanajaza picha kutoka ukingo hadi ukingo. Wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, walikuwa wamesagwa na mtambo wa gari la taka Februari 1, na wafanyakazi 1,300 wakagoma. Kila mmoja ameshika bango lenye maneno yaleyale, kwamba yeye ni mwanamume, na neno "ni" limepigiwa mstari. Ukisogeza macho unaanza kuona kofia, kola za mashati, jinsi kila mmoja anavyoshika fimbo ya bango lake kwa namna yake. Mmoja hatazami kamera.

Sasa unajua kwamba aliyeshika kamera alikuwa akiwauza. Picha imebadilika, najua hivyo kwa sababu siwezi tena kuiangalia bila kujiuliza kama nyuso zile ziliishia kwenye meza ya jasusi. Lakini wanaume wale hawakubadilika hata kidogo. Walisimama pale kweli. Siku zile mgomo wao ndio uliomwita King Memphis, na ndiko alikofia akiwa na miaka 39.

"Siri zikifichuka huwa ni za aibu tu."

Si kweli, na mfano mzuri ni wa mwaka 2023. Jonathan Eig, akiandika wasifu wa King, alikuta katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Duke nakala ya awali ya mahojiano ambayo mwandishi Alex Haley alimfanyia King, yaliyochapishwa Januari 1965 katika jarida la Playboy. Katika chapisho King anasema Malcolm X anajidhuru mwenyewe na kuwadhuru watu weusi. Walimu wengi walifundisha uadui wao kwa kutumia sentensi hiyo. Katika nakala haimo hivyo. Maneno mengine yalihamishwa kutoka jibu la swali jingine, na lile kali zaidi halionekani kabisa.

King hakukubaliana na Malcolm katika mengi. Lakini ugomvi tuliorithi ulipikwa kwa sehemu na waliotayarisha mahojiano yale. Kwetu hili lina uzito wake. Oktoba 1964 Malcolm alikuwa Dar es Salaam, alikutana na Nyerere, na wazee waliomwona wamekufa wakiamini kwamba King alimdharau mgeni wao.

"Mtu akichafuka, na kazi yake imechafuka."

Si kweli, na hapa nitumie namba. Mapema 1965 katika jimbo la Mississippi waliojiandikisha kupiga kura walikuwa asilimia 6.7 ya watu weusi wenye umri wa kutosha. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikatiwa saini Agosti 6, 1965. Mwaka 1967 walikuwa karibu asilimia 60. Fannie Lou Hamer alifukuzwa kwenye shamba alikofanya kazi miaka 18 siku ileile aliyokwenda kujiandikisha, na mwaka uliofuata alipigwa gerezani mpaka akabaki na ulemavu. Kura ile ni yake na ya maelfu wasiotajwa. Haikuwa mali ya King hata aweze kuichafua.

"Basi yaliyofanyika vyumbani hayatuhusu."

Hii ilikuwa sentensi ya mwisho ubaoni, pembeni kabisa, kwa mwandiko mdogo. Mpwa wangu alisema aliyeiandika ni kijana anayempenda King, na kwamba msichana mmoja nyuma alinyoosha mkono akauliza: "Na yule mwanamke?"

Hakuna aliyemjibu siku ile. Mimi nimemjibu hivi, mpwa wangu akamsomee. Katika mikanda ile mna sauti za wanawake. FBI iliwarekodi bila wao kujua, ikawaandika kama vielelezo dhidi ya mwanamume. Wengine walikuwa pale kwa hiari yao, na mambo yao hayatuhusu. Kama yuko aliyekuwa pale bila hiari, miaka zaidi ya 60 imepita, na serikali iliyodai kuwa na sauti yake haikumtafuta kumuuliza lolote. Maboksi yakifunguliwa 2027, wengi watakimbilia sauti ya King. Msichana, wewe sikiliza ya kwake.